Kompyuta imefika darasani, nusu ya mwalimu iko wapi?

NILIPOVUKA daraja la Rusumo mwaka 2004 kurudi katika nchi ambayo wazazi wangu waliikimbia kabla sijazaliwa, nilikuwa na begi moja, cheti cha ualimu nilichokipata Tanzania, na Kiswahili. Nimezaliwa Karagwe. Kujumlisha na kutoa nilifundishwa kwa Kiswahili, sekondari nikakutana na Kiingereza, na nyumbani mama alituita kula kwa Kinyarwanda. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na karibu nusu ya umri huo nimeutumia kufundisha Hisabati huku Kirehe, jirani na mpaka.

Katika miaka hiyo lugha ya kufundishia imebadilika mara kadhaa. Nilipoanza, madarasa ya chini yalisoma kwa Kinyarwanda na ya juu kwa Kifaransa au Kiingereza. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri likaamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2009 tukaanza. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishiwa Kinyarwanda. Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza.

Naanza na lugha ingawa makala hii inahusu kompyuta. Sababu yake msomaji ataiona mbele.

Mwaka huohuo wa 2008 ndipo Rwanda ilipoanza kugawa kompyuta ndogo za mpango wa kila mtoto na kompyuta yake. Kwa miaka iliyofuata zaidi ya 200,000 ziligawiwa katika shule za msingi. Baadaye, mwaka 2016, ikaja sera mpya ya teknolojia katika elimu pamoja na vyumba vya kisasa vyenye kompyuta na projekta. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulipofunga shule, Bodi ya Elimu ikapeleka masomo kwa redio, televisheni na intaneti hadi shule zilipoanza kufunguliwa kwa awamu Novemba mwaka huo. Mwezi Februari 2023 huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ikaanza nchini.

Mtu akisoma orodha hiyo atasema kazi imekwisha. Mashine zimekuja, mawimbi yamekuja, kilichobaki ni mtoto kubonyeza. Mimi nasema kazi ndiyo kwanza inaanza, na sehemu iliyobaki ndiyo ngumu, kwa sababu haiuzwi dukani wala haizinduliwi kwa kukata utepe.

Wataalamu wanazungumzia darasa la mseto, yaani darasa ambalo mtoto anajifunza kwa sehemu kutoka kwa mwalimu aliye mbele yake, na kwa sehemu kutoka kwenye masomo yaliyomo ndani ya kompyuta au simu. Si kumwondoa mwalimu, na si kumwonyesha mtoto filamu wakati mwalimu anasahihisha madaftari. Ni kugawana kazi. Swali langu ni dogo: katika mgawo huo, nusu ya mashine tumeilipia. Je, nusu ya mwalimu tumeilipia?

Nianze na nilichokishuhudia mwenyewe. Katika shule mojawapo niliyowahi kufundisha, kompyuta za watoto zilikaa ndani ya kabati lenye kufuli kwa zaidi ya mwaka. Hakuna aliyeziiba na hakuna aliyezitumia. Mkuu wa shule aliogopa zikiharibika ataulizwa, walimu tulikuwa hatujafundishwa, na tundu la umeme lilikuwa moja tu, ofisini. Wazazi walipofika mkutanoni walionyeshwa kabati, nao wakapiga makofi. Nami nilipiga makofi, Mungu anisamehe.

Hatuko peke yetu. Nchini Peru, ambako mpango kama huo ulipelekwa vijijini, watafiti walilinganisha shule 319 na kutoa matokeo yao mwaka 2012. Waliona kwamba kompyuta zilifika kweli na watoto walizizoea, lakini katika Hisabati na lugha hawakuona ushahidi kwamba watoto waliozipata walijifunza zaidi ya wale wasiozipata. Kwa upande wa masomo hayo, mashine ilimfundisha mtoto kutumia mashine, ikaishia hapo.

Kinyume chake ni habari ya Delhi, India, iliyochapishwa mwaka 2019. Huko watoto wa sekondari ya chini walihudhuria kituo baada ya saa za shule. Kipindi kilikuwa cha dakika 90: dakika 45 kwenye kompyuta iliyompa kila mmoja maswali ya kiwango chake, na dakika 45 na mwalimu msaidizi katika kundi dogo. Wengi wa watoto hao walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka miwili au zaidi katika Hisabati. Baada ya miezi minne na nusu walikuwa wamewaacha wenzao kwa mbali katika Hisabati na katika Kihindi, lugha yao.

Msomaji aangalie vizuri tofauti ya Peru na Delhi. Haikuwa ubora wa kioo wala kasi ya intaneti. Huko Delhi mashine ilianzia pale mtoto alipo, si pale mtaala unapomtaka awe, na kulikuwa na mtu wa kukaa naye. Hata Wizara ya Elimu ya Marekani, ilipojumlisha tafiti nyingi katika ripoti ya mwaka 2010, iliona kwamba madarasa ya mseto yalifanya vizuri kuliko ya mwalimu peke yake, lakini ikatoa tahadhari mbili. Kwanza, mara nyingi madarasa hayo ya mseto yalipewa pia muda na zana za ziada. Pili, tafiti nyingi zilihusu watu wazima na wanafunzi wa vyuo, si watoto wa msingi. Anayetaka kutuuzia vifaa hutaja ushindi na kuzisahau tahadhari.

Sasa turudi Kirehe. Darasa langu la sita lina watoto 58. Tuna kompyuta 15 zinazowaka. Intaneti ipo siku nyingine na siku nyingine haipo, na ikiwepo haitoshi watoto 30 kwa pamoja. Kwa hiyo tulifanya jambo rahisi. Tulitafuta seva ndogo, kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha Hisabati, tukaweka ndani yake programu ya bure iitwayo Kolibri pamoja na masomo yaliyopakuliwa siku moja mjini mahali penye mtandao mzuri. Kisanduku hicho kinasambaza masomo kwa kompyuta zilizo chumbani bila intaneti na bila bando. Umeme ukikatika kinaendelea kwa betri.

Kipindi ni dakika 40. Nusu ya darasa, watoto 29, wanakaa wawili wawili kwenye kompyuta. Nusu nyingine wanakuja mbele kwangu na madaftari. Baada ya dakika 20 wanabadilishana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu nina watoto 29 mbele yangu badala ya 58. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kompyuta, na huwezi kuisoma katika tangazo la biashara: imenipunguzia darasa.

Faida ya pili ni kwamba inaniambia nisiyoyaona. Nilikuwa na kijana mmoja mchangamfu, kila swali la darasa anajibu pamoja na wenzake kwa sauti kubwa. Kwa mihula miwili nilimhesabu miongoni mwa wanaoelewa. Orodha ya kompyuta ikanionyesha kwamba kila akibaki peke yake na swali la kugawanya kwa tarakimu mbili, anakosa. Alikuwa akifuata kwaya. Mimi, mwalimu wa miaka 20, sikujua. Mashine ilijua kwa siku tatu.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Kuna binti mmoja ambaye wazazi wake ni miongoni mwa waliorudishwa kutoka Tanzania mwaka 2013, wale waliofikia kambi ya muda ya Kiyanzi. Wamezoea Kiswahili nyumbani hata leo, na asubuhi akinikuta njiani huniambia "Shikamoo mwalimu" wakati wenzake wananisalimu kwa Kinyarwanda. Mama yake ni mfanyabiashara wa mchele, anavuka kwenda upande wa Benaco na kurudi. Orodha ya kompyuta ilimweka binti huyu kati ya wasiojua sehemu. Maswali manne ya aina moja, yote amekosa. Kama ningeifuata mashine ningemrudisha kwenye masomo ya darasa la nne.

Nikayafungua maswali yenyewe. La kwanza lilisema, kwa Kiingereza, kwamba mfanyabiashara ana kilo 60 za mchele, ameuza robo tatu, je zimebaki kilo ngapi. Yeye ameandika 45. La pili hivyohivyo, na la tatu, na la nne: kila mara ameandika kilichouzwa, si kilichobaki. Nikamwita mezani kwangu.

"Mama yako ana kilo sitini, ameuza robo tatu," nikamwambia kwa Kiswahili. "Amebakiwa na..."

"Kumi na tano, mwalimu." Hakungoja nimalize.

Binti huyu alizijua sehemu kuliko nusu ya darasa, kwa sababu amezipima kwa mikono yake sokoni. Asilolijua ni neno moja la Kiingereza. Mashine ilihesabu makosa manne ikasema hajui Hisabati. Haikusema uongo, ilisema inachokiona. Kazi ya kujua kwa nini haikuwa yake, ilikuwa yangu. Nilihitaji dakika mbili na lugha mbili, na nilizipata dakika hizo mbili kwa sababu wenzake walikuwa kwenye kompyuta.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika makala hii. Kompyuta inatuambia mtoto amekosa wapi. Haituambii amekosa kwa nini. Darasa la mseto linafaa pale tu ambapo kuna mtu mwenye muda wa kuisoma orodha ile na kumwita mtoto mezani. Bila mtu huyo, mashine itawarudisha nyuma watoto wasiostahili kurudi, na itafanya hivyo kwa haraka na kwa takwimu nzuri. Na watakaorudishwa kwanza ni wa kwetu: watoto wa waliorejea, na watoto wa mpakani wanaoishi kwa lugha mbili au tatu.

Kuna watakaoniuliza, je, mwalimu unataka tuache Kiingereza? La. Mtihani wa taifa wa darasa la sita unatungwa kwa Kiingereza, na mzazi anayempenda mwanawe hawezi kumwambia asijifunze lugha ya mtihani. Ninachosema ni kwamba mtoto avushwe kwa lugha anayoijua mpaka afike kwenye ile asiyoijua. Sisi tuliosoma uhamishoni tunalijua hili mwilini. Kidato cha kwanza tulikutana na Baiolojia kwa Kiingereza baada ya miaka saba ya Kiswahili, na waliosalimika ni wale waliokuwa na mwalimu aliyethubutu kueleza mara ya pili kwa lugha ya nyumbani.

Na hapa kuna utajiri ambao hatuugusi. Tanzania hufundisha Hisabati kwa Kiswahili katika shule zake nyingi za msingi, na Taasisi yake ya Elimu imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Ubongo Kids, vikatuni vya kufundisha Hisabati na Sayansi, vilianza kuonyeshwa huko mwaka 2014. Khan Academy ina masomo kwa Kiswahili. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakipitisha kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2021. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar. Mchele unavuka Rusumo kila siku kwa karatasi za forodha zinazoeleweka pande zote. Somo la sehemu kwa Kiswahili, lisilo na uzito wowote na lisilolipiwa ushuru, halivuki. Anayelitaka alitafute mwenyewe usiku kwa bando lake, kama nilivyofanya mimi.

Hata kwa wenye hali ngumu kuliko yetu jambo hili limewezekana. Tangu mwaka 2013 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi na taasisi ya hisani ya kampuni ya simu ya Vodafone wamekuwa wakijenga madarasa ya mtandao kambini, wakianzia Dadaab nchini Kenya. Nyarugusu mkoani Kigoma imo. Sanduku moja hubeba vishikwambi, kompyuta ya mwalimu, projekta na betri, na panapokosekana umeme darasa linaendelea. Kama kambi inaweza, tarafa yenye nyaya za umeme inaweza.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana swali lao, na wamewahi kuniuliza uso kwa uso: "Mwalimu, mtoto wangu siku ya soko ananisaidia, hiyo kompyuta yenu itamfuata sokoni?" Zamani ningemkaripia mzazi kama huyo. Siku hizi namwambia alete simu. Narekodi maelezo ya dakika tano kwa sauti yangu, kwanza Kinyarwanda, halafu Kiswahili, na mwisho swali lenyewe kwa Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani. Nayaweka kwenye kadi ya simu. Hayahitaji mtandao wala laini ya upande huu au ule. Haifidii siku ya shule iliyopotea, na wazazi nawaambia wazi kwamba mtoto kukosa darasa ni hasara ambayo faida ya gunia haiilipi. Ila mtoto akirudi Alhamisi hatakuwa mgeni kabisa. Wakati wa Korona tulijifunza kwa uchungu kwamba mlango wa shule unaweza kufungwa siku yoyote. Jirani zetu Uganda walikaa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022, kabla watoto wote hawajarudi. Aliyekuwa na njia ya pili ya kumfikia mtoto alimwokoa.

Kwa hiyo, wanaopanga bajeti wafanye nini? Kwa maoni yangu, kwanza, kila mpango wa kununua mashine uwe na mstari wake wa kumlipia mwalimu muda. Nusu saa kwa siku ya kusoma orodha ya makosa na kuandaa maswali ya kesho. Sasa hivi naifanya usiku, na mwenzangu mwenye watoto wachanga hawezi kuifanya. Pili, masomo yapakuliwe mara moja mahali pamoja penye mtandao mzuri, kisha yasambazwe shuleni kwa diski, badala ya kila mwalimu kununua bando la kupakua kitu kilekile. Tatu, bodi za mitaala za nchi zetu zikubaliane kubadilishana masomo ya Kiswahili bure, na maswali yapitiwe ili mtoto aweze kulisikia swali kwa lugha zaidi ya moja kabla ya kuhukumiwa. Nne, kila wilaya iwe na fundi mmoja wa kompyuta za shule. Kompyuta zetu 15 zinazowaka zilikuwa 24. Hizo tisa hazikufa, zimekosa chaja na betri.

Na wazazi wenzangu, tuliorudi na tunaovuka, tusirudie kosa langu la kupigia makofi kabati. Mkutano ujao wa shule ulizeni mambo matatu tu: mwanangu anaishika kompyuta saa ngapi kwa wiki? Anaelezwa kwa lugha gani akikwama? Nani anaangalia makosa yake jioni? Shule ikijibu la kwanza tu, imenunua mashine. Ikijibu yote matatu, ina darasa la mseto.

Ripoti ya Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 iliuliza teknolojia hii ya elimu inatumika kwa masharti ya nani. Ni swali zuri, na naona jibu lake halipo New York wala Paris. Lipo kwenye meza ya mwalimu, kwenye dakika zile mbili.

Binti wa kilo 60 siku hizi anaandika 15. Ukutani nyuma ya darasa tumebandika karatasi ndefu ya maneno ya Hisabati: Kiingereza, Kinyarwanda, Kiswahili, mstari kwa mstari. Neno lililomkwaza ndilo la kwanza juu, naye ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Karatasi hiyo haikugharimu umeme. Lakini bila kompyuta kunionyesha makosa manne nisingejua kwamba tunaihitaji, na bila kumwita mezani nisingejua tuandike nini.